Baiskeli Yako Inasemaje?

Siku mume wangu alipofariki, kibanda chake hakikufungwa. Alitoka hapo asubuhi akiwa ameshika kifua, akamwomba jirani wa duka la vioo amwangalizie baiskeli mbili zilizokuwa nje, akasema anakwenda kumeza dawa na kurudi. Hakurudi. Hospitalini walisema ni moyo. Mimi niliitwa kutoka kazini, bado nimevaa sare ya zahanati, na nilipofika walikuwa wameshamfunika shuka.

Jioni ile, nyumba imejaa watu na viti vya kuazima, simu ya binti yangu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akasoma, akaniletea. Lilikuwa swali lililotumwa kwenye blogu ya baba yake.

"Fundi, mnyororo wangu unaruka kila nikikanyaga kwa nguvu. Nifanyeje? Nakusubiri."

Naandika haya ili nisisahau jinsi mambo yalivyokwenda baada ya hapo. Watu wa kwetu wakikutana nami wanaukumbuka msiba tu. Mimi nataka kukumbuka na kicheko.

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi, hata mimi, hata siku tulizonuniana. Alifunguliwa blogu na binti yetu, ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa hanyamazi. Alimwonyesha pa kuandika na pa kubonyeza, akiamini baba yake ataandika mara mbili tatu kisha achoke. Hakuchoka. Kila akifunga kibanda alinawa mikono, akakaa mezani, na kidole kimoja kikawa kinatafuta herufi kama kuku anayedonoa. Aliandika alichotengeneza siku hiyo.

Tatizo ni kwamba aliandika kama alivyoongea. Alianza na hali ya hewa, akaja kwa mteja, akapitia njaa yake, kisha katikati, bila kukuonya, akaeleza namna ya kurekebisha breki kwa maneno mepesi kiasi kwamba hata mimi niliyeshika spana mara ya mwisho kwa kulazimishwa nilielewa. Halafu akarudi kwenye njaa. Na vichwa vya makala zake, mtanisamehe, vilikuwa vichekesho. "Leo." "Leo Tena." "Mzee wa Kofia Karudi." "Nimechoka Kidogo Lakini Si Sana." Kama ulitaka kujua namna ya kuziba tundu la tyubu, ilibidi ujue kwamba aliieleza vizuri zaidi siku ile paka alipozalia ndani ya kapu la spana, na makala hiyo inaitwa "Hongera Mama Paka".

Alipokuwa hai hilo halikumsumbua mtu. Msomaji akiuliza, yeye alimjibu palepale: nenda kwa Mama Paka, shuka chini kidogo, utaona. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ramani. Ramani ilipoondoka, wasomaji wakabaki wanazunguka humo ndani kama watu waliozimiwa taa kwenye nyumba ya mgeni.

Maswali yaliendelea kuja. Wasomaji wale walikuwa mbali na hawakujua kilichotokea. "Fundi, uko wapi siku hizi?" "Fundi, umetususa?" Mwingine alituma picha ya gurudumu lililopinda na kuandika, "Usinicheke." Chiriku alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, na kila simu yake ilipolia nilimwona akikunja uso kabla hata hajaitoa.

Asubuhi moja tukiwa jikoni akaniambia, "Mama, nataka kuifunga."

"Kufunga nini?"

"Blogu. Kabla sijarudi chuoni. Siwezi kukaa darasani huku watu wanamuuliza baba mambo ya breki."

"Si tuwajibu?"

"Nani awajibu? Wewe?" Hakusema kwa ubaya. Aliniangalia nikimenya viazi. "Mama, wewe unaita kila kitu cha baiskeli 'hiki cha kuzunguka'."

Hilo ni kweli. Nikamwambia majibu yote yamo humohumo, baba yake aliyaandika, kinachotakiwa ni watu wayafikie.

"Yamo, lakini nani atayapata? Tunawaacha wagonge mlango wa nyumba isiyo na mtu. Si haki, mama."

Nikamwomba aniachie mpaka likizo iishe. Nikasema, "Ukinikuta bado natapatapa, ifunge, sitakuzuia." Akakubali kwa kichwa, akatoka nje.

Sikumwambia sababu yangu yote. Fundi hakupenda kurekodiwa; ukimwelekezea simu alikuwa anageuka mgongo. Picha zake tunazo, lakini picha haiwezi kusema "nimechoka kidogo lakini si sana". Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, na binti yangu ndiye aliyekuwa na neno la siri la mahali hapo.

Wa kwanza kuja kuniokoa alikuwa shemeji yangu, mdogo wake Fundi. Yeye ni mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na sisi tunamwita Bwana Stoo, jina analolifurahia kuliko alilopewa na wazazi. Ukienda kwake utakuta vijiko vimepangwa kwa urefu. Alipoisikia shida yangu alivuta kiti kama daktari.

"Shemeji, hiyo ni kazi ndogo. Kinachokosekana humo ni mpangilio. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anatupa vitu popote. Mwite huyo Chiriku na kompyuta yake."

Wakakaa siku nzima. Bwana Stoo aliamuru kila makala iwekwe chini ya kifaa inachokihusu, na vifaa vipangwe kama stoo inavyopangwa, kuanzia kidogo kabisa mpaka kikubwa kabisa. Mwisho wa siku alijiegemeza nyuma akaniita nione. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa umenyooka kama rafu mpya. Kwanza gololi. Kisha nati. Kisha spoku, na kuendelea chini mpaka fremu.

"Baba mdogo," Chiriku akamwuliza, "nani anaamka asubuhi anawaza gololi?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Watazoea."

Hawakuzoea. Kesho yake maoni yakaanza kuingia. "Fundi, leo umeamkaje? Nimekuja kutafuta breki nimekutana na gololi." Mwingine aliuliza kama hizo gololi ni zile za watoto kuchezea, na kama ni hizo, zinaingiaje kwenye baiskeli. Wa tatu aliandika kwa kifupi tu: "Tafadhali rudisha fujo yako."

Chiriku alinisomea hayo akiwa amesimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona anauma mdomo ili asicheke. Bwana Stoo alipoambiwa alivaa viatu vyake. "Wasomaji wenu hawana nidhamu," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo mpangilio wa stoo ukafutwa, na mimi nikabaki pale nilipokuwa.

Nikaamua nisome kwanza. Mimi kazi yangu ni kupokea wagonjwa. Nakaa dirishani, naandika jina la mtu na anachoumwa, namwelekeza akae wapi. Saa ya chakula cha mchana nilifunga dirisha, nikala mkate wangu, nikamsoma mume wangu kwenye simu, makala baada ya makala. Niseme ukweli, zilikuwa saa nzuri. Nilijua mengi ambayo hakuniambia. Nilijua kwamba siku tuliyogombana kuhusu pazia alitengeneza baiskeli ya posta huku akinisema kwa msomaji, bila kunitaja: "Leo nyumbani kuna hali ya hewa. Kaza nati hii taratibu, usiikaze kwa hasira kama mimi." Nilicheka mpaka mkate ukanipalia, na muuguzi akaja kunipiga mgongo.

Lakini kusoma si kupanga. Nilikuwa nimezijua makala zote na bado sikujua nimwambie msomaji aingilie wapi. Likizo ilikuwa inayoyoma.

Jumamosi moja asubuhi tukasikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye aproni, ameshikilia baiskeli yenye sanduku kubwa la bati nyuma yake, na harufu ya mkate wa moto ikaingia kabla yake. Alikuwa anasambaza mikate mitaani.

"Samahani dada. Hapa ndipo kwa Fundi wa kwenye blogu? Nimefika kibandani nimekuta pamefungwa, wa duka la vioo akanielekeza huku."

Nikamwambia. Nilishazoea kumwambia mtu, lakini si mtu aliyemfahamu kwa kumsoma tu. Akakaa chini pale kwenye ngazi, na baiskeli akaiegemeza begani.

"Jamani," akasema. "Jamani, jamani. Na mimi juzi nimemwandikia namlaumu kwamba kanyamaza."

Kisha akainuka, akajifuta macho kwa aproni, akasema poleni sana, basi yeye aende, mikate itapoa.

Mama mkwe alikuwa amekaa ndani dirishani. Tangu azeeke alikuwa anashinda kibandani kwa mwanawe, kwenye kiti cha plastiki, akitoa maoni yasiyoombwa. "We mwanangu," akaita, "ulikuja na shida gani?"

"Basi tu mama, si wakati wake."

"Sema. Shida ya baiskeli haimwudhi mtu hapa."

"Inalia."

"Inaliaje?"

Mwuza mikate akaniangalia, akaangalia barabarani kama kuna watu, akafumba macho. Kisha akatoa sauti ambayo sikutegemea kuisikia kwa mtu mzima: "Kwiii-chku. Kwiii-chku. Kwiii-chku." Na mabega yalipanda na kushuka kama anaendesha.

"Pedali!" mama mkwe akapiga kelele.

"Si pedali bibi." Chiriku alitokea nyuma yangu, mswaki mdomoni. "Hicho ni kiti."

"Pedali hiyo! Nimekaa na hizo pedali kabla hujazaliwa."

"Kiti." Akautoa mswaki, akamgeukia mgeni. "Dada, ukisimama kwenye pedali ukaendesha bila kukaa, inalia?"

Mwuza mikate akafikiri. "Nikisimama inanyamaza. Ala! Kweli inanyamaza."

"Kiti," Chiriku akasema. "Baba aliandika. Yule mzee wa kofia alibadilishiwa pedali mara mbili na mafundi wengine, akarudi na kelele zake zilezile. Kumbe ni bomba la kiti, limekauka na kuingia mchanga."

Akaingia ndani, akarudi na spana, kitambaa na kopo la grisi. Alipiga magoti pale ngazini akiwa na nguo za kulalia, akalegeza, akalichomoa lile bomba, akalifuta, akalipaka, akalirudisha na kukaza. Hakuwa na haraka. Sikujua kama mwanangu anajua kufanya hivyo. Au nilijua, maana alikua ndani ya kile kibanda, lakini nilikuwa sijawahi kumtazama akifanya bila baba yake pembeni.

Mwuza mikate akapanda. Akaenda mpaka mwisho wa barabara, akageuza, akarudi kimya kabisa, uso wote meno. "Haiongei!" akapiga kelele akiwa bado mbali. "Jamani, haiongei!"

"Nimeshindwa na mjukuu," mama mkwe akasema. "Haya, nipeni maji ninywe."

Mgeni akatuachia mkate, tukakataa, akauacha hivyohivyo. Alipokuwa anaondoka akasema, "Na mimi nilitafuta kule kwenye blogu kabla ya kuja. Niliandika 'kwichi'. Nikaambiwa hakuna kitu kama hicho."

Chiriku akacheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaacha.

"Dada, subiri," nikamwambia. "Kwa nini hukutafuta 'kiti'?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ningejua kwamba ni kiti ningekuja hapa?"

Siku nzima nilikuwa na neno lake kichwani. Miaka yote niliyokaa kwenye lile dirisha la zahanati, hakuna mgonjwa aliyewahi kuniambia ana vidonda vya tumbo. Ananiambia, "Linawaka hapa, nikila linatulia, baadaye linawaka tena." Na mimi naandika hivyohivyo, linawaka, akila linatulia, na daktari anaanzia hapo. Jina la ugonjwa ndilo la mwisho kujulikana. Sisi tulikuwa tunawataka wasomaji waje na jina mkononi. Hata Bwana Stoo na gololi zake, hata Fundi mwenyewe na Mama Paka wake.

Nikampigia simu shemeji. "Njoo kesho ule chakula cha mchana."

"Mna gololi?" akauliza.

"Njoo bwana, acha kununa."

Jumapili hiyo, baada ya vyombo kutolewa, tulikaa wanne mezani: mimi, mama mkwe, Bwana Stoo, na Chiriku na kompyuta yake. Nikawaeleza ninachotaka. Mtu akifungua blogu akutane na swali moja kubwa: Baiskeli yako inasemaje? Chini yake iwepo milio. Achague mlio wake, umpeleke kwenye makala.

Wakaniangalia.

"Shemeji, hii ni kazi ya watu wazima?" Bwana Stoo akauliza.

"Mnyororo mkavu unaliaje?" nikamwuliza.

"Mnyororo mkavu..." Akajikohoza. Akatazama mlango. "Unafanya hivi. Chiri-chiri-chiri-chiri."

"Wee!" mama mkwe akasema. "Hao ni ndege. Mnyororo mkavu unafanya kriki, kriki, kriki, na unatafuna suruali."

"Mama, kutafuna suruali si mlio."

"Kwangu mimi ni mlio. Sikiliza mwenye suruali."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Chiriku alisoma makala moja moja, na sisi kazi yetu ilikuwa kuigiza mlio wake. Tairi linalogusa madigadi: fsss, fsss, fsss. Spoku iliyolegea: ting... ting... Breki zilizoisha: nyiiiiii, na hapo mama mkwe alifumba macho na kuivuta mpaka mbwa wa jirani akajibu. Bwana Stoo, mtu ambaye kwenye harusi yake mwenyewe alikataa kucheza, alisimama akashika usukani wa hewani kuonyesha jinsi gololi zikivunjika gurudumu linavyofanya kro-kro-kro na mikono inavyotetemeka. Jirani alichungulia dirishani kuuliza kama tuko salama. Tulimwambia tunapanga blogu. Akasema poleni, akaondoka.

Chiriku alicheka mpaka akalala juu ya kompyuta. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika kwa namna nyingine, nikamwekea mkono mgongoni. Mama mkwe alimsukumia leso kupita katikati ya vikombe. Baada ya muda akajifuta, akasema, "Haya. Tulikuwa kwenye kro-kro."

Palitokea ubishi mmoja wa kweli. Bwana Stoo alitaka vichwa vya zamani vibadilishwe, "Leo" iwe "Kurekebisha Breki", na Mama Paka naye apewe jina la maana. Chiriku akaukunja ule uso wake.

"Vichwa vya baba haviguswi."

"Lakini havimwambii mtu chochote!"

"Vinamwambia kwamba ni baba."

Wote wakanigeukia mimi. Nikasema mlio uwe ndio mlango, na ndani mtu amkute Fundi kama alivyo, na mvua yake na njaa yake. Msomaji abonyeze "fsss, fsss", aangukie "Hongera Mdogo Wangu kwa Shati Jipya", ambayo ndiyo makala ya madigadi, akisoma asome, asiposoma ashuke chini achukue chake. Bwana Stoo akauliza hilo shati ni lake yeye? Tukamwambia ni lake. Hakuwa anajua kama kaka yake aliliandika. Akaomba asomewe, na baada ya hapo hakubisha tena.

Tena huyohuyo ndiye aliyefanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alipomaliza kusikiliza alichukua kalamu, akapitia maswali yote ya wasomaji na kuyalinganisha na milio yetu, kama anavyohesabu rafu. "Hapa stoo hamna kitu," akawa anasema. "Hapa pia hamna kitu. Taa: watu wanauliza, kaka hakuandika. Breki kwenye mvua: wanauliza kila mwaka, hamna. Na hizi zilizopo, shemeji, aliziandika kwa kuchelewa. Angalia, ya matope kaiandika vumbi limeshaanza. Mimi siagizi mabati mvua ikishanyesha." Akachora miezi kwenye karatasi, akaweka kila kitu kabla ya wakati wake: breki kabla ya mvua, kusafisha mnyororo kabla ya vumbi, baiskeli za watoto kabla shule hazijafungwa. Nilimtazama nikasema kumbe mtu huyu tungemweka kwenye kalenda tangu mwanzo, si kwenye gololi.

"Sawa," Chiriku akasema. "Na hizo ambazo hamna, nani ataandika?"

Asingepatikana wa kuandika, milio yetu yote ingekuwa ya msimu mmoja, halafu yeye angefunga kama tulivyokubaliana.

Mama mkwe alikuwa anatafuta kijiti cha meno. "Si huyu aliyeshika spana jana na nguo za kulalia?" akasema, bila hata kunyanyua macho.

"Bibi, mimi si fundi. Nasoma uhasibu."

"Nani amesema uache uhasibu? Baba yako alikuwa anaandika usiku ameshakula. Na wewe huko chuoni huli?"

Chiriku akairudia kompyuta yake, akasema, "Kabla ya yote, lazima tuwaambie."

Alisema kweli. Tulikuwa tumepanga kila kitu, na hatukuwa tumewaambia wasomaji kwamba Fundi hayupo. Tuliiandika hiyo jioni ileile, na ilikuwa ngumu kuliko milio yote. Mara ya kwanza ilitoka kama tangazo la redio. Mara ya pili ililia mno. Mwisho Chiriku aliandika mwenyewe, maneno machache: "Mimi ni binti wa Fundi. Baba alifariki. Alikuwa anafanya kazi mpaka asubuhi yake ya mwisho. Majibu yake yote yapo hapa, na tumeyapanga kwa namna ambayo hata wewe usiyejua jina la kifaa utayapata. Tuambie tu baiskeli yako inasemaje." Akanisomea, nikasema sawa, akabonyeza.

Nilitegemea pole. Zilikuja, nyingi. Lakini mmoja, sijui ni nani, aliandika hivi: "Yangu ilikuwa inafanya tak-tak-tak. Nilimsoma Fundi nikaitengeneza. Tangu hapo haijasema kitu." Na baada yake wengine wakafuata hivyohivyo. "Yangu ilikuwa kriki-kriki. Sasa kimya." "Yangu ilikuwa inalia kama mtoto mchanga, watu walikuwa wananipisha njia. Sasa inabidi nipige kengele." Mwuza mikate akaandika, "Kwiii-chku, sasa kimya, ila mikate imeanza kuchelewa kununuliwa maana watu hawanisikii nikija." Wengine waliweka milio ambayo sisi hatukuwa nayo, na Bwana Stoo akaikusanya yote, kwa urefu.

Tulikaa kitandani kwangu, mimi na binti yangu, tukimsomea mama mkwe kwa sauti, na yeye akiuigiza kila mlio kuhakikisha. Hajawahi kufurahi hivyo tangu siku ile. Alisema hakujua kwamba mwanawe ana watu wengi hivi.

Likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka Chiriku alifunga begi lake, na mimi nilizungukazunguka chumbani nikikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mwisho nikauliza.

"Umeshaifunga?"

"Nini?"

"Usinitanie, mwanangu."

Akachukua simu yangu kutoka mkononi, akabonyeza hapa na pale, akanirudishia. "Nimekuwekea neno la siri. Maoni yatakuwa yanakuja kwako kwanza. Ukishindwa, nitumie mlio." Kisha akachukua ile karatasi ya miezi ya baba yake mdogo, akaikunja, akaitia kwenye begi pamoja na vitabu vya uhasibu.

Makala hutoka kila Jumamosi asubuhi. Za baba yake ziko palepale na vichwa vyake. Mpya anaandika yeye huko chuoni, na mimi nazipanga mahali pake na kujibu maoni saa ya chakula cha mchana. Maswali yamepungua. Wengi wakiukuta mlio wao wanasoma, wanatengeneza, wanakwenda zao bila kuandika chochote.